Kisu cha Walter Kilichorudi Dukani

Kwako Mama Abigael wa gazetini,

Naomba unishike mkono, mama, maana nina neno ambalo hata mchungaji sijaweza kumwambia. Mimi ni mke wa mkulima wa chai hapa Nyacheki, na mwaka jana mume wangu Walter alipolipwa pesa za chai alikwenda Kisii mjini akarudi na kisu cha kukunja kutoka Ulaya, cha shilingi thelathini na mbili, na mimi nilikuwa nangojea blanketi za watoto, nikakasirika, lakini sikusema naye nyumbani, nikangoja mpaka Sabato, tulipokuwa tunakula na ndugu zake baada ya kanisa, Walter akakitoa awaonyeshe, ndipo nikasema, "Mkisikia watoto wa Walter wanatetemeka kwa baridi, msijali, baba yao atawafunika na kisu."

Wote walicheka, Walter naye akacheka, lakini Jumatatu alikirudisha dukani, akaniletea blanketi mbili, na mfukoni akawa na kisu cha shilingi tatu kutoka soko la Masimba.

Basi mwezi wa nne, katikati ya mvua, mtamba wetu aliyekuwa na mimba ya kwanza aliteleza akaanguka mtaroni akaning'inia kwa kamba aliyofungwa shingoni, tukakimbia wote wawili, Walter akamshika kichwa akaanza kuikata kamba, lakini ilikuwa imelowa na kukaza, kisu kikateleza tu, halafu bapa likachomoka kwenye mpini likamkata kidole, akapiga kelele, "Lete panga!" nikakimbia nyumbani nikianguka kwenye matope, na niliporudi nilimkuta ameketi chini, kichwa cha ng'ombe kiko mapajani mwake, na ng'ombe ameshakufa.

Nikamwambia mume wangu, "Baba Nyamoita, ni mimi."

Akasema, "Usiseme hivyo. Ni mvua."

Tangu siku hiyo hajataja kisu, ananisalimia vizuri, anakula ninachopika, na wema huo ndio unaniua. Sasa nimeuza nafaka yangu ya wimbi kimyakimya, na pesa za kumnunulia kisu kama kile cha Ulaya zimetimia. Je, kisu cha bei ile kina faida kweli, ama nitaongeza hasara juu ya hasara?

Tryphosa, Nyacheki

Tryphosa mwanangu,

Pole kwa mtamba, na pole zaidi kwa miezi uliyotembea na mzigo huo peke yako. Kwanza nikutue: hakuna ajuaye kama kile kisu cha Ulaya kingewahi. Ng'ombe aliyening'inia hana muda. Na kutaka blanketi hakukuwa kosa hata kidogo.

Kosa lilikuwa pale kwenye chakula. Ulikuwa na siku kadhaa za kusema naye nyumbani, ukangoja ndugu zake wakusanyike! Walter hakurudisha kisu kwa sababu ya blanketi. Alikirudisha kwa sababu ya kicheko.

Umeuliza faida. Mtu ambaye kisu chake ni cha kuonyesha watu, shilingi tatu zinamtosha. Lakini mume wako anapogoa, anakata migomba, anakata kamba kila siku. Huyo anunue kizuri kitakachodumu, maana cha rahisi atakinunua kila msimu. Ila bei peke yake si ushahidi. Akifungue dukani, atikise bapa; likicheza, akiache hata kama kimetoka Ulaya.

Usikinunue kwa siri, atadhani unamlipa ng'ombe. Mpe pesa za wimbi mkononi, mwende mjini pamoja, achague mwenyewe. Tena waalike ndugu zake wale wale, useme mbele yao kwamba ulimkosea.

Lakini kabla ya hayo yote, keti naye. Mimi umeniandikia Kiswahili kizuri cha shule. Yeye mwambie kwa Kigusii chenu cha nyumbani, leo, kabla hamjalala. Na akikasirika usikimbie wala usijitetee. Mtu huyo amezika mtamba wake bila kumlaumu mtu yeyote. Mpe nafasi alie.