Mafuta Yangu ya Kivumbasi

Shoga, uko wapi? Pokea simu! Mwenzio nimeumbuka, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unajua leo nilikuwa nawaonyesha wageni wa kiwanda cha dawa yale mafuta ya kivumbasi cha porini niliyokuwa nayakamua kwa mvuke?

Nikasimama kifua mbele, mtafiti bingwa. Nikawaambia mashine ya kupimia imeona mentholi tele, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwenye majani haya. "Yanafungua pua papo hapo!" Nimesema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Wageni makofi. Profesa wangu akanisogelea, akanusa. Akanusa tena. "Binti, umejipaka nini?"

Dawa ya mafua, shoga! Ile ya kuchua, ya kikopo, iliyojaa mentholi. Tangu Jumatatu najipaka puani, halafu kwa kidole hichohicho naziba mdomo wa chupa ya mafuta nikiitikisa, maana vifuniko vimeisha. Na pua imeziba, ningesikia harufu gani?

Profesa hana dogo. Akanipa chupa ya maji matupu, akasema, "Tikisa kama unavyotikisaga." Tukayapitisha kwenye mashine mbele ya wageni wote. Mentholi hiyo! Kwenye maji, shoga. Kwenye maji!

Mgeni mmoja akauliza, kwa adabu zote, kama na maji tunayauza.

Basi nipe hongera. Nimegundua dawa inayouzwa duka la hapo nje, na mafua yenyewe hata hayajapona.