Vichupa vya Ziwa vya Profesa Jumaine

Mwaka umetimia, Jumaine, tangu Alhamisi ile ulipolala usiamke, na hapa nyumbani Majengo watu bado wanabisha hodi wakimuulizia profesa.

Uliwazoesha wewe. Mama wa ndizi pale njiani akikuuliza kijidudu kina macho ama hakina, uliweka mkoba chini ukamweleza, watu wakakusanyika kusikiliza, na ndizi zake zikaisha.

Miaka ishirini na miwili ulilisoma ziwa letu. Kila mwezi ulishuka ufukweni Kituku na kamba yako, ukaingia mtumbwini, ukateremsha chupa hadi kule chini kusikofika jua wala hewa. Wavuvi walikucheka. "Profesa, maji ya robine imekwisha kwenu?" Mmoja wao, Buhendwa, alikuwa akikupigia kelele, kana kwamba bomba la nyumbani limekauka. Nawe: "Ya robine haina hadithi, ndugu yangu." Mwisho wake ni yeye Buhendwa aliyekuwa akikupigia kasia.

Ulituambia kwamba kule chini wanaishi viumbe wasioonekana kwa jicho, wengine wakila gesi kabla haijapanda juu. Na kwamba ukisoma ADN yao, ile hati ya uhai anayozaliwa nayo kila kiumbe, utajua nani anaishi na nani, nani amehama, nani amekula cha mwenzake. Dada yako Nasiba akapiga makofi: "Kumbe hata wewe ni mutu wa umbeya!" Ulicheka mpaka chai ikakupalia.

Kipindupindu kilipoingia kambini Kanyaruchinya, ulipima maji ya kila bidoni, dumu moja baada ya jingine, ukamwambia kila mama yapi ni ya kunywa na yapi ni ya kumwaga. Hukumkaripia hata mmoja.

Sasa lipo jambo hatuwezi kulipita kimya.

Labo, maabara yako, ilipokosa umeme ulileta vichupa vyako nyumbani, mia mbili na kumi, ukavigandisha katika frigo ya barazani inayokula jua la paneli. Siku ya arobaini yako nyumba ilijaa hadi uani, wageni wametoka mpaka Kasongo, na Nasiba hajui kupokea watu kwa uchache. Nyama ikakosa pa kukaa. Akaifungua frigo. "Ni maji tu," akasema. "Maji hayaozi." Akavitia vichupa kwenye beseni, na beseni akaliweka nje, juani.

Saa tisa alasiri akaingia Aksanti, mwanafunzi wako, kutupa pole. Akaliona beseni. Hakulia. Alipiga magoti akaanza kuvipangusa kimoja kimoja, akisoma tarehe ulizoandika kwa mkono wako.

"Maman Nasiba, hii ni miaka tisa."

"Si tuchote ingine, mutoto wangu? Ziwa iko pale."

"Ziwa ya miaka ile haiko tena, maman."

Nasiba hakuionja nyama ile. Aliitoa yote, akavirudisha vichupa, na tangu siku hiyo hakuna mkono unaogusa mlango wa frigo ile bila kumpita yeye. Aksanti alivivusha kwa boti hadi labo ya Bukavu, vimezungukwa na barafu. Mwezi uliopita alirudi na jibu: sitini na vinne bado vinasomeka, navyo vimo katika kazi anayoiandika, jina lako likiwa mbele ya lake. Vingine vimenyamaza, jua liliiharibu ADN iliyokuwamo. Mwaka ule mlima wa volkano ulipolipuka umepotea wote.

Tulitaka kuliacha hilo. Tulimwambia Nasiba: siku ya kumbukumbu watu huandika mazuri. Alitukatalia mbele ya wageni. "Muandike ni mimi. Maisha yake yote alitafuta kweli ndani ya tone ya maji, leo munataka nimutumie uongo?"

Basi tumeandika, Jumaine. Ni Nasiba. Anaomba umsamehe, na kila siku anakuombea dua bila kujua jibu lako atalipata wapi.

Wanaokukumbuka: mkeo Faida, wanao Jafari na Fatuma, dada yako Nasiba, mdogo wako Nuhu, mwanafunzi wako Aksanti, Buhendwa na wapiga kasia wote wa Kituku, na majirani wa Majengo, ambao tukiwataja wote gazeti halitatosha.

Mungu akulaze pema. Siku zote tutakuwa nawe mioyoni.