Ombi la Pili Kuhusu Zuhura

Jumanne, 29 Septemba 1964

Wateja wamenipa barua mbili tu za kuandika leo. Moja ya mjane wa Mangobo anayedai nyumba yake, nyingine ya mvuvi wa Yanonge aliyenyang'anywa mtumbwi. Zote nimezianza kwa maneno "kwa heshima na taadhima". Utepe wa mashine unafifia.

Nilirudi mapema. Dada yangu Zaina alikuwa ameketi mlangoni bila mtandio. Alfajiri wanajeshi wa mapinduzi walimchukua mumewe, Idrisa, fundi saa. Walimkuta uani na darubini aliyoiunda kwa vioo vya wapima ardhi, ameielekeza kwenye taa nyeupe iliyo angani mashariki. Wanasema ile ni ndege inayosubiri ishara. Wamechukua pia daftari lake. Kila asubuhi huchora nyota za upande ule, kisha huionyesha taa ile kwa nukta moja. Wanasema nukta ni maandishi ya siri.

Ile si ndege. Ni Zuhura.

Kesi za wapelelezi humalizwa Jumanne. Waliohukumiwa leo hawakurudi makwao.

Jumatano, 30 Septemba

Ombi la kumtoa Idrisa limekamilika. Kurasa nne. Sijapata kuandika bora kuliko hili. Nimebainisha kwamba wanazuoni wa falaki barani Ulaya wameorodhesha sayari tisa, na kwamba Zuhura ni ya pili kutoka kwenye jua. Na kwa kuwa mwombaji mkweli hafichi, nimeongeza tanbihi: gimba dogo liitwalo Seresi lilihesabiwa sayari kwa miaka mingi, kisha likaondolewa orodhani.

Tanbihi hiyo imeniridhisha sana.

Alhamisi, 1 Oktoba

Nililipeleka ombi kambini, nikasimama getini mpaka saa kumi. Sikuitwa.

Ijumaa, 2 Oktoba

Nimeitwa. Kapiteni anayesikiliza kesi ni kijana wa Opala, zamani mwalimu wa shule ya msingi. Alisoma kurasa zote nne, kalamu nyekundu mkononi. Nilianza kutumaini. Kisha akauliza ni nani aliyeamua kwamba taa ile ni sayari. Nikajibu: wanazuoni wa Ulaya. Askari walicheka. Mmoja aliniita mundele-ndombe, mzungu mweusi. Kapiteni hakucheka. Aliweka kidole juu ya tanbihi.

"Papa, weye mwenyewe umeandika. Ile ingine baliiweka, kisha bakaitoa. Kesho batatoa na hii. Alors, hii iko nini?"

Nimemponza shemeji yangu kwa kupenda ukamilifu. Ninajichukia.

Zaina aliuliza wamesemaje. Nilimwambia wanatafakari. Uongo.

Jumamosi, 3 Oktoba

Nimekisoma upya kitabu cha falaki cha Idrisa, kile nilichotumia kwa ombi la kwanza, polepole, bila kutafuta sentensi za kunakili. Seresi haikuondolewa kwa sababu wakubwa waliketi wakachoka nayo. Waliendelea kutazama, wakaona magimba mengine mengi madogo yakipita njia ileile. Ikabidi wakiri kwamba ni mojawapo tu ya kundi. Orodha ilifuata mbingu.

Na kabla ya orodha zote palikuwa na kanuni moja, isiyomhitaji mzungu yeyote. Nyota hukaa pamoja, kila moja mahali pake. Sayari hupita kati yao. Idrisa aliijua. Hiyo ndiyo kazi ya nukta.

Alfajiri nilitoka uani nikatazama mwenyewe. Nimeyaandika mambo ya mbingu kwa fahari, wala miaka yote hii sikuwahi kuinua kichwa. Chini ya Zuhura ipo nyota ndogo nyeupe. Nukta za Idrisa zilikuwa zikishuka kuielekea, siku baada ya siku. Aliwahi kunionyesha daftari, nakumbuka vizuri.

Ombi la pili lina mistari mitatu. Halina taadhima. Kapiteni atazame mwenyewe kesho alfajiri: taa iko juu ya nyota ndogo. Jumanne itakuwa chini yake. Kama haitakuwa chini, nihukumiwe pamoja na Idrisa.

Niliona aibu kutia saini karatasi fupi namna ile. Nimetia. Zaina hajui.

Jumapili, 4 Oktoba

Kapiteni ameniita kabla ya mapambazuko. Alitazama, akafungua daftari la Idrisa, akatia nukta kwa mkono wake mwenyewe. Taa juu, nyota chini. Aliniruhusu kuondoka.

Jumatatu, 5 Oktoba

Ukungu wa mto. Mbingu yote imefungwa. Siwezi kula.

Jumanne, 6 Oktoba

Ukungu tena. Tulisimama uani kambini: Kapiteni, askari wawili, mimi. Adhana ilikwisha. Askari mmoja alinitania.

"Papa, sayari yako iko bado nalala."

Niliendelea kutazama mashariki.

Ukungu ulipasuka upande wa mashariki wakati weupe umekwisha kuanza. Zuhura ilionekana mara moja. Nyota ndogo sikuiona. Nilitafuta juu, nikatafuta chini, sikuiona. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Kapiteni alikinga macho kwa viganja, akakaa hivyo muda mrefu sana. Kisha akaomba penseli. Akachora nyota. Chini yake akatia nukta.

"Iko natembea," alisema. Hakuniambia mimi. Aliliambia daftari.

Akaagiza Idrisa aletwe, nami nikarudi naye nyumbani. Kapiteni amebaki na darubini na daftari. Hakuandika hukumu yoyote, nami, kwa mara ya kwanza, sikuomba karatasi.

Alhamisi, 8 Oktoba

Jana Idrisa alilala mchana kutwa. Leo ameketi. Alisema kwamba Jumamosi alikiri: ni taa ya ndege, na yeye ndiye anayeipa ishara. Walimpiga hadi akasema hivyo. Basi Kapiteni alikuwa na ungamo mfukoni tangu asubuhi ile ya Jumapili, na bado alitoka kutazama. Sijui niandike nini juu ya mtu huyo.

Adhuhuri Zaina alipakua wali na pondu ya majani ya muhogo. Vidole vya mkono wa kulia wa Idrisa havikunjiki. Alikula kwa mkono wa kushoto. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Zaina alisogeza sahani upande ule.