Namba Tatu na Mlinzi wa Ngano

Chuoni, Mbulu
16 Machi 1986

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenipa mafua. Natumaini wewe hujambo na mguu wa mama umepungua uvimbe.

Baba, kuna jambo linaniuma. Unajua tangu shule ya msingi hapo Nangwa mimi ni namba tisa, mfungaji. Sasa mkufunzi wetu wa michezo, Mwalimu Sebastiani, amenirudisha nyuma. Ananichezesha namba tatu, beki wa kushoto! Anasema timu yetu inafunga sana na kufungwa sana. Ni kweli. Mechi ya kwanza tulishinda tano kwa nne, ya pili tukatoka nne kwa nne, ya tatu tukafungwa sita kwa tatu, na yote matatu nilifunga mimi. Nilidhani atanisifu. Akaniambia, "Haya, umefunga matatu. Na hayo sita yalipita wapi?"

Beki hana jina, baba. Hermani, winga wetu wa kushoto, akifunga chuo kizima kinamwimba. Beki wanamkumbuka siku aliyokosea. Nafikiria kuacha mpira kabisa nibaki na masomo. Naomba neno lako.

Mwanao,
Felician


Nangwa
6 Aprili 1986

Mwanangu Felician,

Marahaba. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la mbegu, ina grisi lakini inasomeka. Mama yako amepona, amerudi shambani, na kelele zake zimerudi pia. Mvua ipo, ngano inaota vizuri.

Mimi mpira siujui, na wewe unajua hivyo. Lakini niliposoma kwamba beki hana jina nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Huu ni mwaka wangu wa saba nalinda ngano ya serikali. Nasimama pale njia ya ng'ombe ya kwenda bwawani inapopita kati ya korongo na ngano, hatua arobaini hivi, hakuna uzio. Umewahi kusikia mtu ameniimba? Wakati wa mavuno wageni wanakuja kuwapiga picha wenye kombaini. Mimi hakuna aliyewahi kuniambia, "Mzee Basili, leo hakuna ng'ombe aliyeingia, hongera." Lakini nakula, na wewe unasoma. Usiniletee habari za kuimbwa.

Rafiki yangu Gidamis anakusalimu. Bado anapitisha kundi lake pale kwangu kila siku mchana, na mtamba wako yumo, amenenepa. Watu hapa kazini wananisema, eti mlinzi gani ana ng'ombe kwenye kundi la mfugaji. Wamesahau kwamba baba zetu wote waligawa ng'ombe kwa marafiki, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimalize kila kitu. Na tena kundi la Gidamis halijawahi kugusa ngano hata siku moja. Hilo hawalisemi.

Nina swali moja. Huyo beki akienda mbele, nyuma anabaki nani? Nijibu hilo kwanza, ndipo uache.

Mimi baba yako,
Basili


Chuoni, Mbulu
25 Mei 1986

Baba,

Shikamoo, na mama umpe shikamoo yake. Mafua yamekwisha. Nisamehe kwa kukaa kimya, tulikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha.

Swali lako nililipeleka kwa Mwalimu Sebastiani kama lilivyo. Akasema, "Baba yako ni kocha wa wapi?" Nikamwambia ni mlinzi wa ngano. Akasema ingefaa walinzi wa ngano wafundishe vyuo vyote.

Sikuacha, baba. Mwalimu anatufundisha mpira wa kisasa. Si kwamba hawa kazi yao ni kushambulia na wale kazi yao ni kukaba. Beki naye anapanda, ila winga wa upande wake lazima ashuke akae pale. Mimi na Hermani tumewekeana neno: kabla sijapanda namwita kwa jina. Akiitika, naenda. Asipoitika, nakaa. Kuna mechi moja tuliogopa kufungwa tukajaa nyuma wote, tukatoka bila bila na watazamaji wakatuzomea. Mwalimu alifoka kuliko ile siku ya goli sita: "Sikuwaambia mlale golini!" Lakini sasa tumeelewa. Mechi nne tumefunga saba, tumefungwa moja.

Na habari kubwa ni hii. Jumamosi tarehe 14 Juni tunakuja kucheza na timu ya shamba, hapo hapo kwenye uwanja wa karakana. Saa tisa. Baba, nimecheza mpira miaka kumi na wewe hujaniona hata mara moja. Naomba uje.

Mwanao,
Felician


Nangwa
8 Juni 1986

Felician,

Marahaba. Hatujambo. Naandika haraka, lori linaondoka.

Sitaweza kuja. Mwenzangu wa zamu anaumwa na ngano imeanza kutoa masuke, ndiyo wakati ng'ombe wanaipenda. Sikuomba ruhusa kwa sababu najua jibu. Mama yako naye yuko kwa dada yake huko Nambis mpaka mwisho wa mwezi. Usiangalieangalie pembeni kututafuta. Cheza.

Kuna dereva wa kombaini anaitwa Patriki, yumo kwenye timu yao. Wanasema ana mbio. Basi umejua.

Baba yako


Chuoni, Mbulu
17 Juni 1986

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sisi tulifika salama, isipokuwa lori lilizimika Dongobesh tukasukuma.

Baba, nilikuona. Zilikuwa zimebaki kama dakika kumi, tuko mbili kwa mbili, nikatazama pembeni na wewe ulikuwa umesimama karibu na mapipa ya mafuta, umevaa koti lako la kazi. Basi nikachukua mpira nikapanda, nikawapita wawili, nikapiga. Ukagonga mwamba. Kipa wao akaupiga mrefu, Patriki akaukuta upande wangu hauna mtu, akaenda peke yake mpaka golini. Tatu kwa mbili. Hermani hakushuka, ndiyo maana.

Mpira ulipokwisha nilikimbia kuja kukusalimu. Hukuwepo. Nikamuuliza mtu mmoja pale, akasema mzee mwenye koti aliondoka anakwenda karibu mbio mara tu goli lilipoingia.

Mbona uliondoka bila hata kunisalimia? Kama niliku­aibisha niambie tu. Nitavumilia.

Mwanao,
Felician


Chuoni, Mbulu
2 Julai 1986

Baba,

Shikamoo. Ni wiki mbili sasa na sijapata jibu. Dereva wa lori la mbegu anasema uko mzima ila huongei na mtu. Kama una hasira na mimi, iandike.

Mwalimu ameniweka benchi. Sasa najua ukimya wako unasema nini.

Felician, mwanao


Nangwa
5 Julai 1986

Mwanangu,

Marahaba, mara mbili, kwa sababu shikamoo zako zote mbili nilizipokea na sikuitikia. Mama yako amerudi salama. Mimi mwili ni mzima.

Sikukukasirikia. Kaa uisome barua hii polepole.

Ile Jumamosi nilikuwa pale kwangu. Saa nane na nusu nikasikia kelele za watu huko karakana, upepo ulikuwa unazileta. Nikajiambia nitakwenda nusu saa tu, nimwone mwanangu, nirudi. Sikumwambia mtu. Niliacha njia wazi, Felician. Miaka saba sijawahi. Nikakaa mpaka lile goli, ndipo nikaangalia jua nikaona limekwenda. Nilikimbia kwa sababu hiyo, si kwa sababu yako.

Kumbe nyuma Gidamis alikuwa amefika na kundi. Akaona hakuna mlinzi. Angeweza kupita zake, na ng'ombe wangeingia, na mimi ningefukuzwa. Hakupita. Alisimama yeye mahali pangu na fimbo yake, akawageuzia uso ng'ombe wake mwenyewe, akawazuia njiani saa nzima na kiu yao. Msimamizi akapita na gari. Akaona mfugaji, fimbo, ng'ombe arobaini na ngano. Akamuuliza mlinzi yuko wapi. Gidamis akasema, "Amekwenda kujisaidia." Msimamizi akasubiri, akasubiri. Kujisaidia gani huko! Akaita watu, kundi lote likapelekwa kwenye zizi la shamba, na mtamba wako humo humo, kwamba mfugaji amekamatwa akiingiza mifugo kwenye ngano.

Mimi nilifika wakati vumbi lao halijatulia. Msimamizi akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nafukuza ng'ombe wengine upande wa korongo. Gidamis alikuwa amesimama pale pale, akanisikia. Hakusema kitu.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Naandika kama ilivyo.

Siku zote zile wake zake wawili walikata majani huko Gendabi wakayabeba kichwani kuyapeleka zizini. Njia yao inapita kwangu. Walinisalimu kila siku, vizuri kabisa, wanaulizia mama yako, wanakuulizia wewe. Heri wangenitukana. Nilikuwa nashika kalamu nikujibu na siwezi, maana ningekuandikia nini? Siku ya nane akafa ng'ombe wake mmoja, yule mzee mwenye baka jeupe. Siku ya tisa, Jumatatu, nikaenda ofisini.

Nikasema nilikuwa kwenye mpira. Msimamizi akavua miwani. "Mpira, Mzee Basili? Mpira?" Nikasema ndiyo, mwanangu alikuwa anacheza, na Gidamis alikuwa ananilindia, na la korongo nilidanganya. Akasema ng'ombe watoke siku hiyo hiyo, na mimi nisubiri barua. Naisubiri.

Nilikwenda zizini mwenyewe kumwambia Gidamis, aliyekuwa anashinda huko na ng'ombe wake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Akanikatiza, maana habari ya ofisini ilikuwa imeshamfikia, akaniuliza jambo moja: "Kijana alifunga?" Nikamwambia aligonga mwamba. Akatikisa kichwa kwa masikitiko kama mtu aliyekuwa na timu yake. Ndipo nikalia, mwanangu, mbele ya watu wa zizi.

Mtamba wako nimempa badala ya yule aliyekufa. Alimpokea bila kujifanya anakataa, na nilishukuru. Najua alikuwa wa kukuanzishia boma lako. Samahani.

Na sasa la kwako. Umeandika Hermani hakushuka. Mpira siujui, lakini kuangalia nani amesimama wapi ndiyo kazi yangu. Yule alikuwa ameshakwenda mbele kabla yako, nilimwona. Je, ulimwita?

Baba yako,
Basili


Chuoni, Mbulu
13 Julai 1986

Baba,

Shikamoo, shikamoo tena. Mpe mama salamu, na ukimwona Mzee Gidamis mwambie namwamkia kwa heshima zote.

Barua yako nimeisoma mara nne, nyuma ya bweni, peke yangu. Mtamba asikusumbue. Ningekuwa hapo ningemtoa mimi.

Sikumwita. Nilikuona wewe nikasahau kila kitu, nikataka ufurahi kwa goli la mwanao. Chuo kizima kilikuwa hakisemi na Hermani kwa maneno niliyoyapeleka mimi, na yeye alinyamaza tu, kama Mzee Gidamis. Jana jioni, bwalo likiwa limejaa, nilisimama nikasema kosa lilikuwa langu. Wengine walizomea. Hermani akanisogezea benchi nikakaa karibu naye.

Mwalimu Sebastiani amesema tarehe 2 Agosti nitacheza. Ni hapa hapa Mbulu. Namba tatu. Sikuomba nirudishwe mbele.

Baba, barua ya ofisini imefika?

Mwanao,
Felician


Nangwa
22 Julai 1986

Mwanangu,

Marahaba. Tuko wazima wote. Mama yako amesikia ulivyosimama bwaloni, akasema huo ndio ualimu, halafu akaingia ndani akakaa muda.

Barua ya ofisini imefika. Nimeachishwa kazi mara moja. Nilirudisha koti, tochi na kirungu, wakaniandikia kwamba nimerudisha. Pale njiani wameweka mtu mpya, ana filimbi. Nilipita jana nikamwonyesha mahali ambapo ng'ombe wakikazana hupenyea, karibu na jiwe. Hakunishukuru, ni sawa. Mwaka huu nitalima maharage na mama yako, ameshanipa jembe na maneno yake.

Kwa hiyo tarehe mbili nina nafasi. Gidamis anasema naye anakuja, hajawahi kuona huo mpira na anataka aone kitu gani kilimsimamisha juani saa nzima. Tumeshapata lori la kwenda.

Anauliza kama fimbo inaruhusiwa uwanjani. Nimemwambia aje nayo, tutasimama upande wako wa kushoto.

Baba yako,
Basili