Malaika wa Mtaji na Mbwa Wetu

Jumanne, Kibiti

Ubani bado unanuka mpaka kwenye shuka. Nilimwambia Mama leo anakuja malaika kutoka Dar, basi. Sikumweleza kwamba ndivyo tunavyowaita matajiri wanaotia mtaji kwenye kampuni changa, kama hii yangu ya kukausha kambamiti wa delta.

Mama akafukiza nyumba nzima. Mbwa anayelinda kambamiti wangu akampeleka kwa jirani, maana malaika haingii nyumba yenye mbwa. Sijui aliamini kweli au ananichezea.

Malaika akashuka garini, kitambi kimetangulia. Akala sahani nzima ya kambamiti, akajipangusa, akasema mtaji atatoa, ila nusu ya kampuni iwe yake.

Mama akauliza kwa adabu zote: "Baba, malaika anayekuja majumbani kuchukua, mie namjua mmoja tu. Ndiye wewe?"

Nikapaliwa na chai. Mgeni hakucheka.

Sasa nina wasiwasi. Bila mtaji huo, tanuri kubwa la kukaushia nitalisikia kwa wenzangu. Lakini nusu nzima, na matopeni naingia mimi...

Kesho anarudi kufuata jibu. Nimemuuliza Mama nimwambie nini. Amejitanda khanga, ameenda kumchukua mbwa.