Siku Mama Alipompigia Makofi Bwana Jembe

Ng'ambo, Tabora
Jumapili ya Oktoba, kabla ya kura

Dada Kalunde mpendwa,

Leo nakueleza yote, hata yale ambayo ungekuwa mbele yangu ningeyasema nimeinamisha uso. Mvua bado. Kaburi lako limetitia upande wa miguu, nitalijazia udongo.

Wagombea ubunge, wote wa Chama kimoja, walikuja wawili kwenye lori moja, kama Chama kinavyotaka. Mmoja alama yake ya kura ni Jembe, mwingine Nyumba. Waliketi benchi moja, maji wakanywa ya jagi moja, na kusemana vibaya hawaruhusiwi. Jirani yetu Bi Siwema akanong'ona, "Watazame, kama wake wenza kwenye matanga ya mume." Tulicheka. Ungekuwepo ungecheka kutuzidi.

Wanawake wa mtaani walikuwa hawajaamua, ila wengi waliegemea kwa Bwana Jembe kwa ajili ya kisima alichokiahidi. Mama pia. Kisha mwalimu mmoja akauliza, wasichana wanaopata mimba shuleni wafanywe nini? Bwana Nyumba akajibu kwamba ni jambo zito, atalifikiria. Bwana Jembe akasimama. Wafukuzwe, akasema, na anayeitoa mimba ni muuaji, afungwe pamoja na aliyempa dawa. "Na akifa, asililiwe."

Watu wakapiga makofi. Dada, Mama naye alipiga.

Nilikuwa ubavuni pake mkekani. Alipiga polepole, macho yake yako kwa Baba, upande wa wanaume. Baba mpaka leo anaamini ni malaria iliyokuua. Ndivyo Mama alivyowaambia watu wote siku ya mazishi, na mimi niliyekufulia zile kanga za damu nikanyamaza. Ile mizizi uliyokunywa ili usifukuzwe shule tunaijua mimi na yeye tu, na hatujawahi kuitaja hata tukiwa wawili. Yule karani wa tumbaku alikuwepo pia, ameegemea baiskeli yake, anapiga makofi kwa nguvu. Kengele yake ni ile ile aliyokuwa akikuitia. Akipita barabarani bado nageuka kutazama kama utatoka nje.

Tuliporudi, Mama alishindwa kutwanga. Alikuwa akiitazama mikono yake. "Mikono hii," alisema, basi. Nikauchukua mchi.

Kesho yake bombani Bi Siwema aliweka ndoo chini. "Kisima nakitaka, lakini mimi nina mabinti. Huyo anayesema asililiwe, amezaa?"

"Nyamaza wewe, si ulipiga vigelegele?" mwenzake akamkatiza.

"Nilipiga, na koo linaniuma."

Wakacheka kidogo. Ndipo Mama Kashindye, ambaye huwa hasemi kitu, akasema kwamba mdogo wake naye alizikwa kwa malaria, kiangazi kikavu, hakuna hata mbu. Mmoja akafunga kanga yake upya. Mwingine akatazama maji yanavyofurika ndooni wala asiyafunge. Nadhani wanawake wale wamekwisha kumwacha Bwana Jembe, ila kwa Bwana Nyumba hawajafika, maana asemaye atalifikiria naye hajasema neno.

Jumamosi lori linarudi. Wanawake wamemchagua Mama awaulize wagombea, kwa kuwa tangu aanze kisomo cha watu wazima haogopi kusimama mbele ya watu. Aulize hivi: msichana akifa namna hiyo, aliyempa mimba anakaa wapi? Jana alilirudia swali huku akipepeta mtama. Kila akifika kwenye "msichana" sauti inakatika, na mara moja badala yake lilitoka jina lako. Likitoka hivyo uwanjani, Baba atasikia. Siioni nyumba yetu ikisimama baada ya hapo. Lakini pia, Dada, ndipo utakapoliliwa kwa haki.

Unakumbuka ulivyonifichia matobolwa, vile viazi vikavu, mfukoni mwa sketi, tukitafuna chini ya miembe ya njia ya misafara? Ulisema, "Wapagazi walibeba pembe mpaka pwani, sisi tutabeba vitabu." Vyako ninavyo pamoja na vyangu. Nakuahidi sitavitua njiani.

Lala, Kalunde wangu. Ila kabla ya Jumamosi nijibu, hata kwa ndoto: Mama akisimama, na jina lako likamjia mdomoni, nimshike mkono, au nimvute kanga akae?

Mdogo wako,
Agnesi