Doha Kuna Mlima Gani?

Wesley,

Wali uko kwenye friji. Zima AC ukitoka kwenda zamu yako ya ulinzi getini. ~~Nitakuletea asali ya Georgia.~~ Hakuna asali.

Asubuhi nimetafuta buti zangu za mlima mpaka chini ya kitanda. Nikakuamsha. Kumbe ulizitia kwenye ile katoni uliyomtumia binamu yetu Arnold nyumbani! "Doha kuna mlima gani?" ukasema, ukageukia ukuta, ukalala. Ndugu yangu, miezi minane nimepanda ngazi za jengo hili kila jioni kwa ajili ya likizo hii ya Georgia, na wewe ukinicheka.

Kiongozi wetu wa kupanda mlima ameandika jana: mvua imenyesha, majani ya Oktoba yamefunika mawe na mizizi, njia ya msituni juu ya mgongo wa mlima inateleza vibaya. Asiye na buti zenye meno abaki hotelini.

Sibaki. Nimechukua zako za kazi. Zinanipwaya, nimevaa soksi mbili.

Najua leo supavaiza anakagua viatu. Akikuuliza, mjibu: kwani getini kuna mlima gani?

Slipa zangu za pinki ziko mlangoni.

Dada yako